Uzoefu wangu: Jumamosi nane za kujifunza kutambua viumbe, Rungwe

Nashona nguo Tukuyu mwaka wa 19 huu. Kwangu Mlima Rungwe ulikuwa alama ya mvua tu: ukijifunika, anua nguo. Mwaka jana mteja wangu mmoja akanishawishi nijiandikishe kwenye mafunzo ya watu wazima wanaojitolea kutambua mimea na wanyama wa eneo lao. Ada shilingi 60,000, Jumamosi nane. Tulikuwa 22: walimu wastaafu, dereva wa Noah, mama lishe wawili, na mimi fundi cherehani.

Jumamosi tatu za mwanzo ni darasani, na hapo natoa nyota 2. Umeme ulikatika mara mbili, na projekta ilipowaka tulionyeshwa ndege wa Ulaya. Nani Tukuyu atakutana nao? Chozi wananyonya maua ya migomba nyuma ya choo changu kila asubuhi, hawakutajwa hata mmoja.

Msituni ndiko pesa yangu iliporudi. Tulipewa mzee wa kijijini, zamani mwindaji, atuongoze. Alitufundisha kwanza kusimama. Dakika kumi bila neno, ukungu unakudondokea shingoni, ndipo unaanza kutenganisha sauti: huyu hondohondo, huyu mbega. Halafu ukaja mlio mzito, kati ya kubweka na honi ya gari bovu. Mzee akainua kidole. Kipunji, tumbili wa milima yetu. Nikaona matawi yanatikisika, basi. Siwezi kudai nilimwona.

Mkufunzi akatusimulia jinsi watafiti walivyofuata masimulizi ya wawindaji wa Kinyakyusa hadi wakamwona mwaka 2003, akatangazwa duniani mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake (yaani kundi la kisayansi la viumbe wa karibu), Rungwecebus. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, walimgunduaje, na jina walilikuta kwetu?"

Ndiyo maana fomu zao ziliniudhi. Zina safu ya jina la kisayansi na safu ya Kiswahili, lakini jina la Kinyakyusa halina pa kukaa. Mimi nilikuwa naandika pembeni kila mzee anapotaja mti: jina lake, unachotibu, ndege gani hula matunda yake. Fomu zilipochapwa na kurudishwa kwetu, yale ya pembeni yote hayakuwemo. Nilipouliza, nikaambiwa mfumo hauyapokei. Sasa nina daftari langu la kaunta, lile la kuandikia vipimo vya wateja, nyuma yake ni miti mitupu.

Jumamosi ya saba tulipanda Kitulo, Januari, maua yamewaka bonde zima. Wenyeji huita Bustani ya Mungu, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Tukiwa bado nje ya mpaka, mkufunzi akatuonyesha mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wa okidi. Viazi vyake huvushwa hadi Zambia, vikasagwa na karanga kupika chikanda, chakula cha huko, na kwa kuwa kiazi hung'olewa chote, mmea nao ndiyo umekwisha. Mama lishe mmoja akasema taratibu kwamba enzi za usichana wake amewahi kuchimba. Tukanyamaza. Mkufunzi hakumkaripia. Alimwomba atuonyeshe anavyoijua okidi yenye kiazi kabla haijatoa ua, na yule mama akapiga magoti kwenye nyasi akatufundisha kwa nusu saa. Somo bora kuliko yote, na halikuwa kwenye ratiba. Ndaga fijo (asante sana), mama.

Kasoro kubwa ni mwisho wake. Walituambia wameiga mpango wa Texas, Marekani, ulioanza 1998, ambako hupati cheti mpaka umalize saa 40 za mafunzo na saa 40 nyingine za kujitolea. Sisi tulipewa vyeti Jumamosi ya nane, tukapiga picha, basi. Hakuna aliyepangiwa kazi. Nimepiga simu mara tatu, kila mara naambiwa nisubiri ujumbe. Kwa hiyo mimi na yule dereva tunapanda wenyewe kwa mzee kila mwisho wa mwezi, tunachanga nauli na sukari yake.

Kwa jumla nyota 3, na zote tatu ni za msituni. Ukijiandikisha, nunua gambuti zako mapema. Za kuazimwa zote zilikuwa namba 9.