Gereji ya uani Tabata: fundi asiyeogopa kusema "hii bado"

Natembelea Toyota IST yenye injini ya 1NZ. Gereji moja yenye vigae na kiyoyozi iliniandikia bili ndefu: oili, plagi zote nne, pedi za breki za mbele, na kubadilisha mkanda wa taimingi. Mkanda gani tena? 1NZ inatumia cheni! Nikaomba funguo zangu.

Huyu wa Tabata hana hata kibao. Alianza kwa kuvua tairi za mbele, akaniita: "Dada, njoo uone mwenyewe." Pedi zilikuwa bado nene, zaidi ya nusu. Akafungua plagi moja, akaigeuzageuza juani. Ncha kavu, kahawia iliyopauka, yaani bado nzima. Akairudisha. Kilichokuwa kinagonga kwenye matuta ni bushi ya stabilaiza (kiraba cha chini ya gari), basi. Nikainunua mwenyewe kwenye maduka ya spea ya Gerezani, wala hakununa (mafundi wengi ukija na spea yako wanakukunjia sura). Bushi ya zamani alinikabidhi mkononi, pamoja na oili iliyobaki kwenye galoni, maana injini hii inakunywa lita 3.7 ukibadilisha na filta, na galoni ni lita 4. Kwingine hayo mabaki huwa huyaoni.

Kasoro zipo. Risiti hatoi, Jumamosi foleni inafika barabarani, na mashine ya kupima hana, kwa hiyo kama taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, anzia kwingine. Kwa servisi ya kawaida, nampa nyota nne.