Asali au dagaa kwa aliyetoka kupasuliwa?

Tabora ukienda kumjulia hali mgonjwa, mkono unakimbilia chupa ya asali. Ni zawadi ya heshima: asali ya miombo haiozi, haihitaji friji, na mtu aliyepoteza hamu ya kula hulamba kijiko akapata nguvu. Koo nalo hulainika. Lakini karibu yote ni sukari. Mwenye kisukari usimpelekee, maana sukari ikipanda kidonda huchelewa kupona. Na kama ni mama aliyejifungua kwa upasuaji, mtoto asilambishwe kabisa mpaka atimize mwaka 1.

Dagaa wa Kigoma hawana heshima hiyo, wengine huona hata aibu kuwabeba. Mimi ndio ninaowapeleka. Nyama iliyokatwa ili iungane inataka protini, na dagaa wanayo tele. Tena wanaliwa na mifupa yao, kwa hiyo kalsiamu ipo. Ila usifike na mfuko wenye mchanga ukamwachia anayeuguza kazi ya kuchambua.

Shangazi alipotolewa uvimbe tumboni, niliwatoa dagaa vichwa, nikawaosha mara 3 mpaka maji yakatoka meupe, nikawaanika, nikawakaanga bila mafuta, nikawatwanga na kuchekecha. Unga ukajaa kopo. Kijiko kwenye uji, kijiko kwenye mchicha, na binamu yangu aliyekuwa anamuuguza hakuongezewa kazi yoyote. Wiki ya 2 kopo lilikuwa tupu. Chupa 3 za asali bado zilikuwa kabatini, hazijafunguliwa.