Rangi ya kutia nguo za pamba: ipi ununue, ipi uiache dukani

Shati la kwanza nililolitia rangi mwenyewe lilikuwa jeupe, la pamba. Nilinunua kipakiti cha rangi nyekundu, nikalichemsha kwenye sufuria, nikaongeza chumvi na siki kama nilivyoshauriwa, eti ndipo rangi ikamate. Lilitoka jekundu la kupendeza kweli. Lilipofuliwa mara ya tatu lilikuwa limeshakuwa la waridi, pamoja na fulana mbili na foronya moja vilivyokuwa nalo kwenye beseni. Kuchemsha nilichemsha vizuri. Nilikosea dukani: nilichukua rangi isiyoshikana na pamba kwa nguvu, kisha nikaitilia siki, ambayo kwa pamba haina kazi yoyote. Siki ni ya sufu na hariri.

Kwa hiyo nimezipanga rangi hizi kwa swali moja: nguo ikishafuliwa mara ishirini, rangi itakuwepo? Uzuri wa siku ya kwanza sikuuhesabu, maana siku ya kwanza zote zinapendeza.

Kwanza kitambaa

Pamba, kitani, juti na mkonge ni nyuzi za mimea, na kiini chake ni kitu kimoja, selulosi. Viskosi nayo imo humo, kwa sababu hutengenezwa kwa mbao zilizoyeyushwa kisha zikavutwa kuwa uzi. Rangi zote ninazozitaja hapa ni za selulosi. Poliesta haimo, na hakuna rangi ya pamba itakayoishika. Kama hujui ulicho nacho, chomoa uzi mmoja uuchome: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Uchome na uzi wa kushonea pia. Nguo nyingi za pamba tupu zimeshonwa kwa uzi wa poliesta, na ukishaitia rangi nyeusi mishono inabaki myeupe kama chaki.

Jaribio la pili ni tone la maji. Likizama papo hapo, kitambaa kiko tayari. Likikaa juu kama umande, kuna wanga, mafuta au dawa ya kiwandani. Wanga na mafuta hutoka kwa kuchemsha na sabuni na magadi. Dawa ya kuzuia mikunjo haitoki, kwa hiyo nguo iliyoandikwa kwamba haihitaji pasi iache. Kwa upande mwingine, ukiona pamba imeandikwa kuwa ni ya mesiraizi, ichukue. John Mercer aligundua mwaka 1844 kwamba pamba ikilowekwa kwenye kostiki kali (soda kali ya kutengenezea sabuni), nyuzi zake hufura na kunywa rangi zaidi, na mpaka leo kitambaa cha namna hiyo hutoa rangi nzito kwa unga uleule.

Ya kwanza: rangi za riaktivu

Kama utanunua aina moja tu, nunua hizi. Kampuni ya ICI ya Uingereza ilizileta sokoni mwaka 1956 kwa jina la Procion, na kilichozitofautisha na zilizotangulia ni kwamba haziishii kuukalia uzi: zinaungana nao kikemia, zinakuwa sehemu yake. Ndiyo maana nguo yake unaweza kuifua kwa maji ya moto bila wasiwasi.

Kwa mtu wa nyumbani, tafuta zenye herufi MX. Hizo hazihitaji jiko, joto la kawaida la chumba linatosha. Zipo nyingine zinazotaka maji ya moto sana au mvuke ili zishike, na ukinunua hizo ukadhani ni MX utalaumu unga bure. Soma maelezo ya kipakiti kabla ya kulipa.

Kinachozifungia kwenye uzi ni magadi, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoteleza. Unayohitaji ni kaboneti ya sodiamu, ile kali ya kufulia. Magadi laini ya kuumulia maandazi ni bikaboneti, nguvu yake ni ndogo mno kwa kazi hii ya baridi. Chumvi ya kawaida nayo ina kazi, ila si ile inayosemwa. Inaisukuma rangi itoke majini iende kwenye kitambaa, haifungi chochote. Gramu 50 hivi kwa lita moja ya maji zinatosha kwa rangi ya wastani.

Ubaya wake upo. Rangi ikishakutana na magadi majini, saa inaanza kuhesabu, maana inaungana na maji vilevile inavyoungana na pamba. Baada ya saa chache mchanganyiko huo umekufa, hata kama bado unaonekana mwekundu kama damu. Usiuweke akiba. Halafu kuna suuza. Ile sehemu iliyoungana na maji lazima itoke: suuza kwa maji baridi mpaka yapungue rangi, kisha kwa maji ya moto, tena na tena. Wanaosema riaktivu inachuja, wengi wao walichoka kusuuza.

Na unga wenyewe usiuvute puani. Unaweza kuanzisha mzio wa mapafu ambao ukishaupata hauondoki. Nunua barakoa siku hiyohiyo unayonunua rangi.

Ya pili: nili na ndugu zake wa vati

Kwa uimara peke yake, baadhi ya rangi za vati zingeishinda riaktivu, kwenye jua na hata kwenye dawa za kung'arisha nguo. Nimezishusha kwa sababu ya usumbufu. Rangi ya vati haiyeyuki majini. Lazima uinyang'anye oksijeni kwanza, kwa kawaida kwa kostiki na haidrosulfaiti (unga unaonyang'anya oksijeni), ndipo iyeyuke na kuingia kwenye uzi. Ukiitoa kwenye chombo, hewa inairudishia oksijeni na inaganda humo ndani ya uzi. Kwa nili utaliona jambo hili kwa macho: kitambaa kinatoka kijani-manjano, kisha taratibu kinageuka buluu mikononi mwako. Nimefanya mara nyingi na bado huwa nasimama kutazama.

Nili ya dukani siku hizi mara nyingi ni ya kiwandani. BASF ya Ujerumani ilianza kuiuza mwaka 1897, na molekuli yake ni ileile ya kwenye majani. Usilipe zaidi kwa neno "asilia" ukidhani rangi itadumu zaidi. Nili huganda karibu na uso wa uzi, kwa hiyo husugulika: suruali inafifia magotini, na kochi jeupe linapata buluu. Chovya mara nyingi kwenye dawa hafifu badala ya mara moja kwenye kali.

Kostiki inaunguza ngozi na macho. Nyumba yenye watoto wadogo wanaozunguka jikoni, mimi ningebaki na riaktivu.

Ya tatu: za mimea

Nazipenda, na bado nasema ya tatu. Nyingi haziwezi kuishika pamba peke yake, zinahitaji kitu cha kuziunganisha. Pamba ni ngumu kuliko sufu hapa, kwa hiyo loweka kwanza kwenye tanini (maganda ya komamanga yanafaa), kisha kwenye shabu ya mawe, ndipo utie rangi. Kwa hiyo usinunue rangi ya mmea peke yake. Kama huna shabu na tanini umenunua chai. Manjano ya jikoni hushika hata bila hayo, ila jua linayala upesi. Bitiruti haishiki kabisa, hata uichemshe mpaka usiku. Dawa za kushikisha zenye kromu usizinunue, ni sumu.

Ya nne: kipakiti cha "nguo zote"

Hiki ndicho kilichonipata. Ndani yake kuna mchanganyiko: rangi za asidi kwa ajili ya sufu na nailoni, na rangi za direkti kwa ajili ya pamba. Ukitia shati la pamba, zile za asidi unazimwaga tu. Za direkti, ambazo zilianza na nyekundu ya Kongo mwaka 1884, zinaingia zenyewe kwa maji ya moto na chumvi, lakini hazijafungwa na chochote cha maana, kwa hiyo kila unapofua zinatoka kidogo. Kipo kimiminika cha kufungia kinachouzwa kando, na kinasaidia kiasi. Kwa pazia linalofuliwa mara mbili kwa mwaka, kipakiti hiki hakina neno. Kwa nguo ya kuvaa, hapana.

Rangi za pigimenti sizipi namba. Ni rangi ya kupaka iliyochanganywa na gundi: nzuri kwa kuchapa maua, lakini shati zima litakakamaa.

Unga usio na jina, uliofungwa kwenye nailoni tupu, uache hata ukiwa wa bure. Baadhi ya rangi za zamani hutoa kemikali zinazosababisha saratani, na Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mwaka 2002 kwenye nguo zinazogusa ngozi. Kwenye nailoni isiyo na maandishi huwezi kujua umeshika ipi.

Kiasi gani?

Pima kitambaa kikiwa kikavu. Kwa MX, asilimia 2 hadi 4 ya uzito huo inatosha kwa rangi nyingi, yaani shati la gramu 200 linataka gramu 4 hadi 8. Nyeusi inakula kama mara mbili ya hapo, na karibu kila nyeusi ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, kwa hiyo ukibana unga utapata kijivu chenye zambarau. Ukiwa na shaka, nunua nyeusi ya ziada na magadi ya ziada. Nyekundu utaipata hata kesho.