Nilivyozibuliwa mshipa wa moyo kwa tundu dogo la mkononi

Miezi minane nilimeza dawa za vidonda vya tumbo. Nikipanda ngazi za stoo yetu Kariakoo, kifua kinabana kama nimelaliwa na gunia la mchele, taya la kushoto linauma, jasho linanitiririka. Nikikaa dakika tano, kwisha. Zahanati niliyokuwa naenda hawakunipima ECG, kipimo cha umeme wa moyo, hata siku moja. Dada zangu, maumivu yanayokuja ukitembea na kuondoka ukipumzika, msikubali yaishie kwenye dawa za asidi. Daini kipimo cha moyo.

Nikapelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Nikapimwa ECG, eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), damu, na figo pia, kwa sababu dawa inayoingizwa ili mishipa ionekane kwenye picha hutolewa mwilini na figo. Nina kisukari, hivyo metformin, dawa yangu ya sukari, ilisimamishwa kwa muda.

Nilikuwa na hofu kubwa ya kupasuliwa kifua. Daktari akanichorea kwenye karatasi: "Mama, hatupasui. Tunatoboa hapa mkononi, tunapitisha mrija mwembamba hadi kwenye moyo."

Chumba kile kina baridi kali, ombeni shuka mapema. Nilichomwa ganzi pale panapopimiwa mapigo ya mkono, na sikulazwa usingizi. Mrija ulipopita sikusikia kitu. Dawa ya picha ndiyo inayoshtua: joto linashuka kutoka kifuani hadi nyongani, unaapa umejikojolea. Nesi alikuwa ameshanitahadharisha, Mungu ambariki.

Kwenye skrini niliona mishipa yangu kama mizizi ya mti, mmoja wa mbele ukiwa umesinyaa ukabaki uzi. Wakapitisha waya, kisha kiputo, kipira kidogo cha kupanua mshipa, wakakijaza. Hapo hapo maumivu ya Kariakoo yakarudi, yale yale, taya na kila kitu. Kiputo kilikuwa kimezuia damu kwa sekunde chache. Kilipopunguzwa, yakaisha. Miezi minane ya kuambiwa ni tumbo, na hapo kitandani nikajua kwa mwili wangu mwenyewe kwamba ulikuwa moyo. Nililia. Kisha wakaweka stenti, kijibomba cha wavu wa chuma chenye dawa, kinachobaki humo kuushikilia mshipa usisinyae tena.

Mkononi nilifungwa bangili ya plastiki yenye hewa, ikawa inalegezwa kidogo kidogo. Kesho yake nikaruhusiwa. Mkono ulivilia damu kama wiki moja, na marobota ya vitenge walibeba vijana.

Kazi kubwa ni vidonge. Napewa aspirini na klopidogreli, za kuzuia damu kuganda, na kuacha bila ruhusa ni hatari, damu inaweza kuganda ndani ya stenti. Mwezi wa tatu nilikwenda kung'oa jino, nikaambiwa nisimamishe klopidogreli wiki nzima. Nikapiga simu kliniki ya moyo kwanza, wakakataa katakata. Jino liling'olewa nikiwa naendelea na vidonge. Nilitoka damu muda mrefu kuliko kawaida, nikang'ata pamba, ikakata.

Gharama ulizeni kabla, na muulize bima inalipia nini, maana kila stenti inahesabiwa peke yake. Mshipa wangu wa pili umebana kiasi tu, wameuacha kwa dawa. Narudi kliniki mwezi wa saba.