TAHADHARI: Huyo "fundi wa Ujiji" anayeuza milango ya nyumba za mdoli ni mwizi

Wadau, naandika mikono inatetemeka kwa hasira, mnisamehe nikikosea herufi. Yule kijana anayejiita fundi wa Ujiji, anayepita kwa watu wanaotengeneza nyumba za mdoli akiuza milango ya nakshi "ya mninga halisi", ni mwizi. Siyo kwamba kachelewesha mzigo, siyo kwamba tumepishana bei. Mwizi. Kanila laki moja na arobaini na tano, na bado alikuwa na uso wa kuniandikia "Mungu akutangulie mama".

Tembe langu, ile nyumba ya mdoli ninayoitengeneza kwa mfano wa nyumba za kale za udongo, mnalijua, sina haja ya kulieleza upya. Mlilicheka lilipokuwa plaiwudi tupu mezani, mkalicheka na paa lake bapa, mkaja kunyamaza nilipokandika kuta kwa udongo mwekundu uliochanganywa na gundi nyeupe ya mbao, likaanza kufanana na lile la Kwihara, hapa karibu na Tabora, alipokaa Livingstone. Ilibaki milango na taa. Kwa yule fundi wetu wa Ng'ambo, hapa Tabora, sikurudi, tulishakosana. Yamekwisha, ila mimi mlangoni kwake sirudi.

Sasa kabla hamjaanza "mtu mzima unatumaje hela", sikilizeni jinsi alivyoongea.

Kwanza aliamkia, akasubiri nimwitikie marahaba ndipo akaendelea. Swali lake la kwanza halikuwa bei. Aliuliza: "Mama unajenga moja kwa kumi na mbili au moja kwa ishirini na nne?" Hapo ndipo aliponipata. Mimi hapa mtaani nikitaja moja kwa kumi na mbili watu wanauliza ni mechi gani hiyo. Nikamwambia kumi na mbili, kila futi iwe inchi moja. Akasema safi, kama ile ya Malkia Mary, akaanza kunisimulia nyumba ya mdoli iliyopo Windsor kule Uingereza, aliyoichora Edwin Lutyens ikakamilika mwaka 1924, ina umeme na mabomba yanayotoa maji kweli. Nikaenda kuhakiki mtandaoni, nikakuta kila alichosema kipo. Akaniuliza plaiwudi yangu ni ya milimita 6 au 9. Akanikataza supagluu kwenye mbao ya rangi iliyokolea kwa sababu mvuke wake unaacha ukungu mweupe, na hilo nalijua, lilishaniharibia dirisha. Akasema nyaya nizipitishe kabla sijapaka rangi ndani. Jamani, mtu wa namna hiyo unamwitaje tapeli? Tapeli tuliyemzoea ni yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Huyu kaisoma kazi yetu.

Nilipotaka kuona karakana akanitumia voisi. Randa ya umeme inaunguruma, mtu anagonga, mwingine kwa mbali anaita "leta misumari!" Nikaiona karakana nzima kichwani mwangu.

Tulikubaliana milango mitatu na taa sita, nusu nitangulize, nusu mzigo ukinifikia. Nusu nikatuma. Siku ya kupakia akapiga mwenyewe. Ilikuwa jioni, nabandika kingo za paa, vidole vyote vina gundi, simu nimeiegemeza kwenye kopo la vanishi. "Mama nipo stendi, konda amegoma kupokea mzigo wa kuvunjika kama haujalipiwa wote, na gari inawashwa." Honi zinalia kwelikweli. Nikamwambia ngoja ninawe. "Mama gari inatoka, itakuwa mpaka keshokutwa tena." Namba ya siri nimeibonyeza kwa kidole cha mwisho, maana ndicho pekee kilichokuwa kikavu. Kabla sijathibitisha likatokea jina la mwanamke. Nikamuuliza. Akajibu palepale, hata hakuvuta pumzi: "Huyo dada, mama, laini yangu imefungiwa." Haya niambieni, nani hapa hajawahi kupokea hela kwa laini ya ndugu? Mume wangu mwenyewe laini yake ina jina la mpwa wake. Nikathibitisha. Ujumbe wa muamala ulipoingia nikasikia mpaka raha, nikarudi kwenye paa langu naimba.

Na mzigo ulifika! Hiyo ndiyo hila yake, ili ukienda polisi aseme alituma. Niliufungulia palepale stendi kwenye benchi la muuza karanga, sikuweza kusubiri. Boksi la sabuni, magazeti, magazeti, halafu milango. Nilikuwa na kipande cha kadi nilichokikata sawasawa na tundu la mlango, inchi sita. Nikaupima mmoja. Inchi tatu. Wa pili, tatu. Mdoli wangu ana inchi tano na kitu, aingie nyumbani kwake anatambaa? Nakshi sasa, yale maua niliyoyalipia: nikalowesha kidole kwa mate nikapitisha juu, maua yakahamia kidoleni. Karatasi iliyochapwa, imebandikwa! Muuza karanga akaniuliza, "Mama, umenunua picha?" Watu wakageuka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nyumbani nikapiga msasa upande wa nyuma. Sisi wa Tabora tumezaliwa kwenye vitanda vya mninga, hakuna wa kutufundisha mninga. Ukiupiga msasa unatoa unga wa kahawia unaokuwasha pua. Huu ulitoa rangi ya viatu, chini yake mbao nyeupe pee, mbao ya kreti.

Taa ndiyo usiseme. Alidai ni za volti 12, niziunge moja kwa moja kwenye adapta yangu. Kumbe ni vile vitaa vya LED vya volti 3, havina hata rezista, kile kidude cha kupunguza umeme. Cha kwanza nikakiunga sebuleni. Kikapiga mwanga mmoja wa buluu, tap, moshi wa plastiki, na doa jeusi kwenye ukuta wangu mwekundu. Doa hilo linaniuma kuliko hela. Hela nitapata. Udongo ule nilichota sehemu moja na nyumba ya mtu imeshajengwa juu yake.

Nikampigia. "Mama hicho ndicho kipimo ulichoagiza." Nikaanza kusema yangu, akakata, akaniblok. Nikampigia kwa simu ya shemeji, akapokea kwa jina jingine kabisa na shikamoo ileile, akaniuliza kama nahitaji makochi madogo. Makochi! Shemeji alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo akipita sebuleni anabisha hodi kwa kidole kimoja.

Mnaoniuliza dalili, kwa haraka: hilo jina la laini. Rula kwenye picha zake zote ina inchi tupu, na rula za madukani kwetu zina inchi upande huu, sentimita upande huu, kwa hiyo picha siyo zake. Simu ya video hataki kabisa. Karatasi ya mzigo imeandikwa umepakiwa Kaliua, siyo Kigoma iliko Ujiji. Na ile voisi, dada mmoja wa Nzega naye alitumiwa yake, tumezisikiliza pamoja: maneno tofauti, lakini randa ni ileile na "leta misumari!" inaingia palepale. Mengine nikikumbuka nitaongeza, kwa sasa kichwa kimejaa.

Mimi nataka akamatwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, haikuandikwa kwa ajili ya mapambo. Nimeshafungua jalada, namba zake nimezituma 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu, na ninyi mlizonazo zitumeni, msikae mnasema "pole mama" halafu mnaendelea na mambo yenu. Huyo "dada" wa kupokea hela naye achukuliwe, wakalale wote ndani. Na kama wangeniuliza mimi adhabu, ningeomba akalishwe chini, apewe gogo la mninga hasa na patasi, achonge mlango wa inchi sita, ua kwa ua, vumbi limwingie puani, akikosea aanze upya. Asipewe hata maski. Kijana ana akili ya kukariri Lutyens na mwaka wake, angeitumia kuchonga si angekuwa tajiri? Mshenzi mkubwa.

Skrinishoti za mazungumzo na miamala nimewapa wasimamizi wa kundi, waombeni huko, hapa siweki namba ya mtu. Anayejua fundi wa nakshi wa kweli, awe Tabora au huko huko Ujiji, anishtue inboksi. Milango mitatu, inchi sita, na nitakuja na rula yangu mwenyewe. Hela ni baada ya kupima.