Kununua VPN: Ipi Iwe ya Kwanza na Ipi Uiache

Kampuni za VPN, yaani huduma inayopitisha intaneti yako kwenye seva (kompyuta) yake, hujisifia usimbaji wake, yaani kuifumba data isisomeke na wengine, ilhali karibu zote zinazoheshimika hutumia mfumo wa WireGuard au OpenVPN, na kwa upande huo hazitofautiani sana. La kuamulia ununuzi ni jingine. Ukiwasha VPN, kampuni yako ya simu haioni tena tovuti unazozitembelea, bali mwenye seva ya VPN ndiye anayeweza kuziona. Kwa hiyo, kabla ya bei na kasi, uliza mtu huyo anahifadhi nini.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa Mullvad ya Uswidi. Haikuombi jina wala baruapepe. Unapewa namba ya akaunti yenye tarakimu 16, nayo ndiyo unayoingilia na kulipia, hata kwa noti zilizotiwa kwenye bahasha. Bei ni euro 5 kwa mwezi, nayo haipungui hata ukilipia mwaka mzima, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa sifa, kwa sababu punguzo kubwa la miaka miwili kwa kawaida humfunga mteja kabla hajaijua huduma. Mwezi Aprili 2023 polisi walifika katika ofisi yake ya Gothenburg wakiwa na hati ya upekuzi, wakaondoka mikono mitupu kwa kuwa taarifa za wateja walizozitaka hazikuwepo. Ushahidi wa aina hiyo una uzito kuliko tangazo lolote.

Ya pili ni Proton VPN ya Uswisi, na kwa asiye na kadi ya benki huenda ikawa ya kwanza: toleo lake la bure halina ukomo wa data, ingawa ni la kifaa kimoja na huchagui nchi. Anayelipia huchagua seva, na aliye Dar es Salaam au Mombasa aanze na ya Johannesburg kabla ya kukimbilia New York, maana umbali hupunguza kasi.

Nafasi ya tatu ni kukodi seva ndogo na kuiwekea WireGuard mwenyewe. Inakulinda kwenye Wi-Fi ya hotelini, lakini haifichi utambulisho wako, kwa kuwa anwani ya IP, yaani namba inayokutambulisha mtandaoni, unaitumia peke yako na seva umeikodi kwa jina lako.

Mkiani zipo programu za bure ambazo mmiliki wake hajulikani anapopatia fedha. Mwaka 2015 ilibainika kuwa intaneti ya watumiaji wa bure wa Hola, mojawapo ya programu hizo, ilikuwa ikiuzwa kwa wateja wengine.

Lipia mwezi mmoja kwanza, kisha uijaribu: washa kipengele cha kukata intaneti VPN inapokatika, fungua tovuti inayoonyesha anwani ya IP, zima data ya simu na kuiwasha tena, halafu upakie ukurasa upya. Ikitokea anwani yako halisi, dai fedha zako.

Usinunue VPN kwa ajili ya siku ambayo intaneti yote imezimwa, kama ilivyokuwa Uganda Januari 2021, kwani hapo haina pa kupitia. Sheria nazo zisome mapema: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliwataka watumiaji wa VPN nchini Tanzania kutoa taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP, na katika Falme za Kiarabu anayeitumia kutenda au kuficha kosa anakabiliwa na faini inayoanzia dirhamu 500,000.