Mwaka mmoja wa "mshauri mdogo wa fedha" pale Posta: uzoefu wangu

Nimemaliza mwaka wiki iliyopita, naandika kabla sijasahau. Kampuni siitaji. Ni ofisi ndogo ya ushauri wa fedha na kodi, Posta, Dar es Salaam, ghorofa ya nne, lifti inafanya kazi ikijisikia, watu kumi na mmoja pamoja na dereva. Ninachopima hapa ni nafasi yenyewe, ile ajira ya mwaka mmoja waliyoitangaza kwa wahitimu wakasema "utawashauri wafanyabiashara kuhusu fedha zao". Nimeipa nyota tatu na nusu kati ya tano.

Nianze na hela, maana ndiyo mnayoulizia. Mkataba uliandikwa 900,000. Nilikuwa nimekaa mtaani miaka miwili na nusu tangu nimalize chuo, kwa hiyo usiku ule ule nilishaipangia laki tisa yangu kazi zake zote. Mwisho wa mwezi ikaingia 594,500. Nikajua wamekosea. Nikachukua kalamu, nikafanya hesabu ambayo chuoni nilikuwa naifanya nikisinzia. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, zimekwenda 90,000. Zinabaki 810,000, na hizo ndizo zinazokatwa PAYE, kodi ya mshahara: 270,000 za mwanzo haziguswi, kipande kinachofuata asilimia 8, kinachofuata 20, kilichobaki 25. Jumla 80,500. Halafu Bodi ya Mikopo, deni la chuo, asilimia 15 ya mshahara kabla haujaguswa na yeyote, 135,000. Hakuna aliyekosea. Chuoni walitufundisha kukokotoa makato ya watu wengine tu.

Hapo mwenye nyumba Kimara anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ofisini shati lazima lipigwe pasi kila siku. Mashati nilinunua Karume, mtumba, mazuri tu. Aliyewahi kupanda mwendokasi saa kumi na mbili na nusu asubuhi akiwa na shati jeupe anajua linafika Posta likiwa la rangi gani. Kama unaanza na huna ndugu wa kukushika mkono miezi miwili ya mwanzo, jipange. Hilo kwenye tangazo la kazi hawakuliandika.

Kazi sasa. Miezi mitatu ya kwanza sikumshauri mtu yeyote. Nilikuwa nalinganisha daftari la mteja na taarifa yake ya benki, mstari kwa mstari, nikitafuta kilichopo huku na hakipo kule. Mtu kaingiza milioni 2 na laki 3, jina hakuna. Namba ya simu ile ile imelipa mzigo, imelipa ada ya shule, imetuma hela ya msiba Moshi, vyote siku moja. Biashara nyingi ndogo nilizozishika ziko hivyo: mfuko wa duka na mfuko wa nyumbani ni mfuko mmoja, na kazi yako ni kuupasua katikati bila mwenyewe kuona umemwingilia. Unapiga simu, "Shikamoo mzee, samahani, ile laki nne ya tarehe 11 ilikuwa ya nini?" Mzee anakaa kimya. Hapo unajua usiulize zaidi, unaiandika matumizi binafsi.

Mwezi una tarehe zake. Ya 7, PAYE. Ya 20, ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Na wateja wanaofunga mahesabu Desemba, ritani zao za mwaka zina mwisho wa tarehe 30 Juni, kwa hiyo Juni ofisi inanuka chipsi na dawa ya mbu. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ni Mei na Novemba. Ukichagua Mei umejitafutia, maana mapumziko ya kusoma utaomba wakati ambao hata bosi mwenyewe halali. Mimi nilifanya Novemba, somo moja likanirudisha. Kampuni inarudisha ada ya mtihani kwa masomo uliyofaulu tu, na hilo pia nililijua baadaye.

Hadi hapo ningetoa nyota mbili nikaenda zangu. Zilizobaki ni za dada mmoja.

Ni msimamizi wangu, ana CPA yake, cheti cha uhasibu, na ana kalamu nyekundu. Mwanzoni nilimchukia. Kazi niliyoituma saa nne usiku inarudi asubuhi imechapishwa, imechorwa, pembeni ameandika neno moja: "Kwa nini?" Hasemi ni makosa, hasemi rekebisha hivi. Unakwenda kutafuta kwa nini.

Mteja aliyenifundisha kazi ni mama mmoja wa vitenge, Kariakoo, anauza jumla. Alitaka mkopo benki, milioni 150 kwa miaka mitatu, aongeze kontena. Benki ikataka makadirio ya fedha, nikapewa mimi. Nilifurahi! Nikatengeneza faili la Excel lenye kurasa saba, rangi za bluu na kijani, mauzo yanapanda asilimia 15 kila mwaka hadi mwaka wa tano, grafu inapaa kama ndege. Nikamtumia dada saa tano usiku, nikalala vizuri.

Asubuhi faili limerudi na "Kwa nini?" moja tu, kwenye mstari wa kwanza kabisa. Mauzo: milioni 60 kwa mwezi. Nilikuwa nimezitoa kwenye ripoti za mashine ya EFD, ile ya risiti, na jumla ile ina VAT ndani yake. Asilimia 18. Katika kila milioni 60, zaidi ya milioni 9 si za mama, ni za serikali, yeye anazibeba tu hadi tarehe 20. Kwa mwaka nilikuwa nimempa mama mapato ya zaidi ya milioni 100 ambayo si yake, na juu ya mapato hayo nikajenga miaka mitano ya utajiri. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka benki. Niliona aibu hadi chai haikupita.

Nilipotoa VAT faida ikashuka, lakini bado ilikuwepo, kama milioni 4 kwa mwezi. Tukaenda dukani kumwonyesha. Mama akaangalia skrini, akaniangalia mimi, akasema, "Mwanangu, hiyo faida unayoiona wewe, iko wapi? Mbona mimi siioni?"

Sikuwa na jibu. Dada akavuta stuli, akaanza kuuliza mambo ambayo kwenye kurasa zangu saba hayakuwepo. Mzigo unakaa njiani muda gani? Unalipa lini? Nani anachukua bila kulipa? Yakatoka yote. Akiagiza China analipa amana asilimia 30, iliyobaki kabla mzigo haujapanda meli. Baharini mwezi na zaidi, kisha kuna bandari. Muda wote huo hela yake inaelea. Ukifika, theluthi ya mauzo ni mali kauli kwa wafanyabiashara wa Tunduma, Mbeya, Songea, watu wa siku nyingi anaowaamini, wanarudisha baada ya mwezi na nusu, miezi miwili. Nikapiga hesabu pale pale kwenye karatasi ya kufungia vitenge: milioni 20 kila mwezi, zinakaa nje siku 45 hadi 60, maana yake wakati wowote ana milioni 30 hadi 40 mikononi mwa watu. Bado vitenge vya mitindo iliyopita vilivyojaa stoo, ambavyo daftari linavihesabu kwa bei ile ile aliyonunulia.

"Basi ndiyo iko huko," mama akasema. Hakushangaa. Alikuwa anajua kila kitu, ila hakuna aliyewahi kumwekea kwenye karatasi moja.

Hatukumwombea milioni 150. Tulimwandikia 60, za muda mfupi, zinazozunguka na mzigo, na tukamwambia aanze kukusanya madeni yake yaliyo nje kabla ya kwenda benki. Benki ikakubali. Grafu yangu ya ndege haikuingia.

Kwa hiyo ukiitwa usaili kwenye ofisi kama hizi, mshahara utauliza, sawa, lakini uliza pia nani atasoma kazi yako kabla haijatoka. Wakikwambia "tunafanya kazi kama timu", fungua macho. Nina rafiki yuko kwenye ofisi kubwa kuliko yangu, analipwa vizuri kunizidi, na mwaka mzima hakuna aliyewahi kumrudishia kazi. Anajua Excel kunipita. Akiulizwa mteja wake anaishije, hajui.

Nusu nyota niliyokata ni ya lile neno "mshauri". Baba mdogo alipopata kiinua mgongo chake alipanda basi kutoka Dodoma kuja kuniuliza akiweke wapi, hatifungani, mifuko ya uwekezaji ya UTT, au ile "forex" ya kijana wa Telegramu. Ofisi yetu inashughulika na hesabu na kodi za biashara. Kushauri watu kuhusu uwekezaji kwenye dhamana kunahitaji leseni ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, na sisi hatuna. Nikamweleza hivyo. Akaona namficha siri. Angalau Telegramu nilimtoa, na nilitumia sauti ambayo mtoto hapaswi kuitumia kwa baba yake mdogo. Ile nyota nzima iliyopungua ni ya ada ya somo lililonirudisha.

Mkataba wa pili wameniletea, milioni moja na laki moja, bado sijasaini. Jumatano nikiwa kwenye foleni ya mwendokasi Gerezani mama wa vitenge akanipigia. Mimi, si dada. Kuna mteja wa Tunduma anataka mali kauli ya milioni 8, ampe asimpe? Mwaka mzima ndiyo mara ya kwanza mteja ananiuliza ushauri. Nikatoka kwenye foleni, nikaziba sikio moja, nikamwuliza, "Mama, lile deni lake la mwanzo lina siku ngapi sasa?"